Chuma, Kilo na Mzigo: Maneno ya Jimu na Mkanganyiko Wake

Mtu akisema jimu kwamba siku hizi anasukuma "arobaini", anayemsikiliza hana njia ya kujua kilichosemwa. Huenda ni pauni 40 kwa jumla, yaani kilo 18 na kidogo. Huenda ni kilo 40 kwa jumla, baa ikiwa imehesabiwa au imeachwa. Huenda pia ni kilo 40 kila upande, na kama baa ni ile ya mashindano yenye kilo 20, basi mtu huyo analala chali na kusukuma kilo 100. Kati ya 18 na 100 ndipo anapotofautiana mwanagenzi na mkongwe, lakini neno lililotamkwa ni lile lile.

Mkanganyiko huo wa namba una ndugu yake, mkanganyiko wa majina. Vifaa vya kunyanyua vimeenea kuanzia kumbi za kulipia hadi nyuma ya nyumba, ambako kijana hujaza zege kwenye makopo mawili ya rangi na kuyaunganisha kwa bomba la chuma. Msamiati wake umeokotwa njiani: mwingine sokoni, mwingine bandarini, mwingine kwenye ndondi, mwingine kwenye video za Wamarekani. Hakuna mahali ulipokaa ukapangwa. Ndiyo maana wapo wanaotaka mambo yaachwe kama yalivyo, wapo wanaotaka tukope majina ya Kiingereza moja kwa moja, na wapo wanaotaka wataalamu wakae chini watunge istilahi. Kila upande una hoja. Swali la kutangulizwa ni je, wote wanazungumzia tatizo moja?

Uzito kabla ya jimu

Kiswahili hakikusubiri jimu ili kianze kuzungumzia vitu vizito. Biashara ya pwani ilikuwa na wakia, ratili na frasila. Pembe za ndovu na karafuu zilipimwa kwa frasila, kipimo cha takriban kilo 16. Kile kipande cha chuma kilichowekwa upande mmoja wa mizani ili kulinganishwa na bidhaa kiliitwa jiwe la mizani, hata kama hakikuwa jiwe. Kwa hiyo jina la Kiswahili la kitu kilichotengenezwa ili kiwe kizito, chenye kiasi kinachojulikana, lipo tangu zamani. Limebaki sokoni tu, halijavuka kwenda ukumbini.

Inafurahisha kwamba Warusi walivuka. Lile tufe la chuma lenye mshikio juu yake, ambalo leo linapatikana karibu kila jimu, lilikuwa jiwe la mizani la kupimia nafaka kabla ya kuwa kifaa cha mazoezi, na lilihesabiwa kwa kipimo chao cha kale cha kilo 16.38. Karibu sawasawa na frasila. Mfanyabiashara wa Unguja wa karne ya 19 angelishika tufe hilo na kulikadiria bila kukosea sana.

Wanyanyuaji wa kwanza wa mwambao hawakuwa wanamichezo. Walikuwa makuli wa bandarini na wachukuzi wa sokoni, na kwao uzito haukuwa namba iliyoandikwa bali mzigo mgongoni. Tofauti hiyo ina historia ya ugomvi. Lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilima juu ya mdomo wake, limepigwa vita Tanzania kwa miaka mingi. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, ilhali mnunuzi hulipia "gunia" kama kitu kimoja, liwe limejaa au limefurika. Mkulima anapunjwa kwa sababu jina la chombo limechukua nafasi ya kiasi. Mchukuzi naye anaumia kwa sababu hiyo hiyo: pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo ambao mwanamume mtu mzima anafaa kubebeshwa kwa mikono, na lumbesa liko mbali sana na hapo.

Lumbesa ni kielelezo kizuri cha mjadala wa jimu. Hakuna anayelalamika kwamba neno "gunia" lina maana nyingi. Lalamiko ni kwamba neno moja limefanywa litaje chombo na kiasi kwa wakati mmoja.

Wingi wa maana usiodhuru

Wanaotetea lugha ya mtaani husema maneno yenye maana nyingi ni afya ya lugha, na ushahidi wao ni mwingi. Chuma ni madini. Ni vidonge anavyopewa mjamzito kliniki. Ni basi jipya linaloshangiliwa na mashabiki wa mabasi ya mikoani. Ni kitu chochote unachonyanyua jimu, hata kama ndani yake ni zege tupu. Kisha kuna kitenzi kuchuma, cha kuchuma embe na kuchuma mali, ambacho ndicho kilichozaa uchumi. Watanzania walipoanza kulia kwamba "vyuma vimekaza", hakuna aliyedhani wanazungumzia mazoezi. Kila mtu alielewa kwamba mfukoni hakuna kitu.

Msuli ni mfano mtamu zaidi. Pwani ni nguo ya kiunoni ya mwanamume. Katika mwili ni nyama inayovuta mfupa. Chuoni, kupiga msuli ni kusoma usiku kucha kabla ya mtihani. Mwanafunzi anaweza kuvaa msuli, kupiga msuli na kukaza msuli siku moja, na wenzake wasihitaji maelezo.

Mkanda nao: kuna wa kiunoni unaosaidia mgongo wakati wa kunyanyua, kuna wa bingwa wa ngumi, kuna mkanda wa video, kuna mkanda wa jeshi ambao ni ugonjwa wa ngozi wenye maumivu makali, na kuna kufunga mkanda kwa maana ya kubana matumizi. Benchi ni la kulalia ukisukuma chuma, la mchezaji wa akiba, na "benchi la ufundi" ambalo ni watu wala si mbao. Kamba ni ya kuruka, ni uongo (anayekupiga kamba hakuchapi), na ni mdudu mtamu wa baharini.

Kwa nini maneno haya hayatuchanganyi? Jibu la kawaida ni muktadha, nalo ni sahihi, ila halitoshi. Kiswahili kina chombo kingine ambacho watetezi wa mtaa huwa hawakitaji: ngeli. "Kamba huyu" ana miguu na anaungwa kwa nazi, "kamba hii" inafungia mbuzi. "Baa la njaa" ni maafa, "baa ya jirani" ni mahali pa kunywea. Upatanisho wa kisarufi hufanya kazi ya kutenganisha kabla msikilizaji hajaanza kufikiria muktadha. Ngeli zikifanana, kitenzi husaidia: kapi moja ni gurudumu la kupitishia kamba, na baharia wa jahazi analijua vizuri. Makapi ya mpunga yanapepetwa yakatupwa. Umbo la wingi ni moja, lakini kitenzi kinachofuata hufichua mara moja yanayosemwa ni yapi.

Kwa upande huu, basi, wanaotaka mambo yaachwe wana haki kubwa. Mtu aliyekwenda jimu akakosea kati ya mkanda wa kiunoni na mkanda wa jeshi bado hajazaliwa.

Udhaifu wa hoja yao unaonekana mahali pengine. Muktadha hutenganisha maana zinazotoka katika ulimwengu tofauti: njaa na pombe, nguo na nyama. Maana zote zikiwa ndani ya chumba kimoja, juu ya kifaa kimoja, katika sentensi moja, muktadha hauna la kufanya. Ndivyo ilivyo kwa "arobaini" tuliyoanza nayo.

Kukopa majina: wepesi wake na mtego wake

Kundi la pili linasema vifaa vimekuja na majina yake, tuyachukue. Dambeli, benchi, mashine, seti, skwati: yameshaingia, yanatamkika, na anayeyajua anaweza kufuata mafunzo ya mwalimu yeyote duniani. Maandishi kwenye vifaa ni ya Kiingereza hata vile vinavyotoka China. Mwalimu wa jimu ambaye anabuni jina lake mwenyewe anamfungia mwanafunzi mlango wa kujifunza kwingine.

Hoja hii ina nguvu nyingine isiyosemwa mara nyingi: hata Waingereza hawaelewi majina yao kwa kuyachambua. Dambeli, kwa asili, ni kengele bubu. Jina lilitokana na kifaa cha kujinyoosha viungo kilichoiga kazi ya kuvuta kamba ya kengele ya kanisa bila kengele yenyewe kulia. Leo hakuna anayewaza kanisa. Atakayetafsiri sehemu kwa sehemu na kuleta "kengele bubu" jimu ataonekana amechanganyikiwa, na kwa haki. Jina la mkopo lisilo na maana ya ndani halipotoshi mtu, na hilo ni jambo la kuthaminiwa.

Mtego upo katika matamshi na tahajia. Jina la chuma kirefu chenye sahani pande zote mbili, likifuatwa kwa sauti za Kiswahili, linakuwa "babeli", na Babeli kila msomaji wa Biblia anajua ni mnara gani na lugha zilifanywa nini pale. Watu wameikwepa kwa kufupisha kuwa "baa", wakaangukia kwenye pombe na maafa kwa mpigo. Ngeli inasaidia dhidi ya maafa. Dhidi ya pombe haisaidii, maana zote mbili ni za ngeli moja: "baa ni nzito" na "baa imejaa" zinatofautishwa na kiarifu tu.

Kuna pia suala la nani anaachwa nje. Kijana wa makopo ya zege hana lebo ya kusoma. Majina ya mkopo yanamfikia kwa masikio, kila mtaa ukiyasikia kwa namna yake, na baada ya muda jina moja lina sura nne. Anayejua Kiingereza atayakusanya yote kwenye asili yake. Asiyejua ataamini ni vifaa vinne.

Kutunga istilahi

Kundi la tatu linataka kazi hii ifanywe na vyombo vyake. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, liliundwa mwaka 1967 na limekuwa likisanifu istilahi tangu hapo. Taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Zanzibar ina baraza lake, BAKIZA. Uwezo upo. Kwa nini michezo ya kunyanyua iachwe yatima?

Rekodi ya maneno yaliyotungwa ni ya kupanda na kushuka, na sababu zake zinafundisha. "Tovuti" na "barua pepe" yalishika. "Tarakilishi" inafundishwa Kenya, lakini ofisini na dukani watu wananunua kompyuta. "Kikokotoo" kilikuwa neno la darasani hadi mwaka 2018, pale mjadala wa mafao ya wastaafu ulipoifanya kanuni ya kukokotoa pensheni kuwa suala la kila nyumba Tanzania. Kuanzia hapo bibi wa kijijini alilitamka bila kujikwaa. Halikushinda kwa uzuri wake. Lilishinda kwa sababu fedha za watu zilikuwa ndani yake, na hapakuwa na neno jingine lililotangulia kukaa mahali pale.

Masharti hayo mawili yakipelekwa jimu, matokeo hayalipendezi kundi la tatu. Kwa vifaa, nafasi imeshakaliwa: dambeli ni dambeli, na kamati itakayotunga "kinyanyulio-mkono" itakuwa imetunga neno la kamusi tu. Maslahi nayo ni madogo, kwani mtu hapotezi chochote akiita benchi benchi. Kutunga majina ya vitu ambavyo vina majina ni kupoteza nguvu za wataalamu wachache tulio nao.

Kwa vipimo, hesabu inabadilika. Huko nafasi haijakaliwa vizuri, na maslahi ni mgongo wa mtu.

Uzito: neno lililoelemewa

Orodhesha kazi za neno uzito nje ya jimu kwanza. Mama ni mjamzito. Hoja ina uzito. Usingizi ni mzito, uji ni mzito, sauti ni nzito, mtoto ni mzito wa kuelewa. Bondia anapigana uzito wa juu au uzito wa unyoya. Yote haya, kama msuli na mkanda, hayadhuru.

Sasa ingia ndani. Jimu, uzito unaitwa kufanya angalau kazi nne. Ni kitu: "nipe huo uzito". Ni namba iliyoandikwa kwenye kitu. Ni kile ambacho misuli inakabiliana nacho kwa kweli. Na ni mwili wa mnyanyuaji mwenyewe akipanda kwenye mizani. Mwalimu anaweza kumwambia mwanafunzi "punguza uzito" na isijulikane kama ameambiwa atoe sahani moja au ale kidogo.

Tofauti kati ya namba na kinachokabiliwa ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo yenye kuumiza. Chukua dambeli ya kilo 5. Mkono ukining'inia, bega halifanyi kazi kubwa. Unyooshe pembeni hadi usawa wa bega, na dambeli ile ile, ikiwa sentimita 60 kutoka kwenye kiungo, inadai nguvu nyingi za misuli ya bega kuishikilia. Kilo hazikubadilika. Umbali ndio uliobadilika.

Mashine zina vituko zaidi. Ile ya kuvuta kwa kamba yenye kapi linalosogea humpa mvutaji nusu ya mzigo: rundo limeandikwa 40, mkono unavuta kama 20, na kamba inasafiri mara mbili. Baharia aliyewahi kupandisha foromali, mti wa tanga, kwa makapi mawili hahitaji somo hili. Mashine ya kusukuma kwa miguu iliyoinama nyuzi 45 hupunguza mzigo hadi kama asilimia 71 ya kilichopakiwa, kabla hujahesabu msuguano wala kilo za kitoroli chenyewe. Anayejivunia kusukuma kilo 200 kwenye mashine hiyo hajadanganya. Akijaribu kuchuchumaa na kilo 200 mabegani siku inayofuata, ndipo neno litakapomgeuka.

Fizikia ina dawa yake: tungamo, ambayo wengine huiita masi, ni kiasi cha maada na hupimwa kwa kilo, uzito ni kani ya mvutano na hupimwa kwa nyutoni. Sahani ya kilo 20 ina uzito wa nyutoni 196 hivi. Walimu wa sayansi wana haki ya kusisitiza hivyo darasani. Kuileta tungamo jimu, hata hivyo, ni kutibu ugonjwa ambao haupo. Tungamo na uzito hutengana ukienda mwezini. Duniani, mvutano wa Nairobi na ule wa Oslo hutofautiana kwa chini ya nusu asilimia, na aliyenyanyua kilo 100 Nairobi amesaidiwa na Ikweta kwa kiasi ambacho hata yeye hatakihisi. Mtengano unaomhusu mnyanyuaji ni kati ya chuma na mzigo. Neno tungamo halisemi lolote juu ya kapi wala mteremko.

Pauni zinazidisha mchanganyiko. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa kwa pauni, na sahani yao kubwa ya 45 ni kilo 20.4. Imekaribiana na sahani ya kilo 20 kiasi kwamba zikichanganywa hakuna tofauti ya maana. Hatari iko kwa anayesoma namba bila kipimo: 25 ya pauni ni kilo 11.3, na aliyeizoea akakutana na 25 ya kilo amezidishiwa zaidi ya mara mbili.

Makopo ya zege, kwa kushangaza, yanatabirika. Zege lina takriban kilo 2.4 kwa lita, hivyo kopo la lita 4 likijaa linapata kilo 9 na nusu, na ndoo ya lita 20 inakaribia 48. Kilo za bomba lililopita katikati hazijulikani, na kopo moja likishindiliwa kuliko jingine, mnyanyuaji anazoeza upande mmoja kuliko mwingine. Mizani ya muuza nafaka ingemaliza swali hilo kwa dakika tano.

Upande wa mwili, neno hili huleta huzuni isiyo ya lazima. Anayeanza kunyanyua ili "kupunguza uzito" anaweza kukuta mizani imepanda huku kiuno kikipungua, kwa kuwa misuli imeongezeka na mafuta yamepungua. Alichotaka ni kupunguza unene. Lugha ilimpa lengo lisilo lake, na wapo wanaoacha mazoezi kwa sababu hiyo.

Kunyanyua, lakini kwa mtindo gani?

Vitenzi navyo vina deni. Magazeti ya Kenya huandika unyanyuaji uzani, ya Tanzania kunyanyua vitu vizito au kunyanyua uzito, na chini ya jina hilo moja huwekwa michezo miwili, mara nyingine mitatu. Mchezo wa Olimpiki una minyanyuo miwili, yote ikiishia juu ya kichwa. Mnyanyuo wa tatu uliondolewa baada ya Munich 1972, na wanawake waliingizwa Sydney mwaka 2000. Mchezo mwingine hupima kuchuchumaa, kusukuma ukiwa chali na kuinua kutoka sakafuni hadi kusimama wima. Mchezo wa tatu, kutunisha misuli, haupimi kilo hata moja jukwaani.

Tofauti si ya kinadharia. Lasha Talakhadze wa Georgia alipandisha kilo 267 juu ya kichwa mjini Tashkent mwaka 2021. Hafþór Björnsson wa Iceland aliinua kilo 501 kutoka sakafuni mwaka 2020. Habari ikisema wote "walinyanyua", msomaji ataona mmoja ana nguvu karibu mara mbili ya mwenzake, ilhali ni kazi mbili zisizolinganishika.

Mkenya Hellen Wawira Kariuki alipopata shaba kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022, alishindana katika unyanyuaji wa wenye ulemavu, ambao ni wa kusukuma chuma ukiwa chali. Huko mshindi hupatikana kwa pointi zinazolinganisha kilo za chuma na kilo za mwili. Aliyesukuma nyingi zaidi kwa namba anaweza kushindwa. Taarifa iliyotaja "uzito" bila kusema ni wa chuma au wa mwili ingekuwa imeiacha nje sehemu iliyoamua medali.

Mchezo wa Olimpiki, inafaa kutaja, haukutegemea maneno. Katika mashindano ya kimataifa sahani nyekundu ni kilo 25, buluu 20, njano 15, kijani 10, na zote nne zina kipenyo cha sentimita 45. Baa ni kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake. Mtazamaji wa lugha yoyote anasoma jumla akiwa jukwaani juu. Mitaani kwetu sahani nyingi ni nyeusi au zimepakwa rangi ya duka lilipokuwa na ofa, kwa hiyo mzigo wote wa maelezo umerudi kwenye ulimi.

Kupima hoja tatu

Zikiwekwa pamoja, hoja tatu hazigongani kama wenyewe wanavyodhani. Kila moja inashinda katika eneo lake, na kosa ni kutaka itawale yote.

Maneno ya mtaani yaachwe. Msuli, mkanda, kamba na benchi yalindwe na muktadha na ngeli kama yalivyolindwa siku zote. Kwa majina ya vifaa, mkopo umeshinda na ushindi wake ni halali, mradi tahajia moja ichaguliwe na kushikwa. Hapo BAKITA ina kazi ndogo yenye faida kubwa: kuchagua kati ya sura zilizopo badala ya kutunga. Mimi ningeichukua baa pamoja na kasoro yake, kwa sababu babeli ni kichekesho ambacho hakuna mwalimu atakayeweza kukimaliza.

Kwa vipimo, utunzi hauhitajiki pia, maana maneno matatu ya kutosha tayari yamo vinywani. Chuma kiwe kitu. Kilo ziwe namba, na daima ziwe jumla pamoja na baa, kama majaji wanavyohesabu. Mzigo uwe kile ambacho mwili unakabiliana nacho. Mchukuzi wa sokoni amelitumia hivyo muda wote, na mtu akisema "kilo ni zile zile ila mzigo umeongezeka" baada ya kunyoosha mkono, hata asiyesoma fizikia anaelewa. Uzito ubaki kwa mwili wa mtu na kwa matabaka ya mashindano, ambako umezoeleka. Wakenya wanaosema uzani hawana haja ya kuacha.

Mpango huu una gharama. Mzigo una maana zake mitaani, nyingine za kuchekesha na nyingine za matusi mepesi kuhusu maumbile ya watu, na jimu ni mahali ambapo matusi mepesi hayakosi wasikilizaji. Kuhesabu baa kunavunja mazoea ya wengi waliozoea kutaja upande mmoja, na jina la "arobaini" likigeuka kuwa 100 wengine watafurahi mno huku wa bomba tupu wakinuna. Kuna pia mashine, ambazo kilo zake haziaminiki kabisa. Kwa hizo dawa bora ni kuacha kilo kando: mtu aandike tundu ambalo pini imekaa, tundu la sita au la tisa, na ajilinganishe na yeye mwenyewe kwenye mashine hiyo hiyo. Tundu la sita la ukumbi mmoja halidai kuwa sawa na la ukumbi mwingine, na kwa hiyo halimdanganyi mtu.